Brosi Ndogo ya Babu

Nakumbuka asubuhi moja niliiba brosi ndogo ya meno ya babu, nikasugua nayo munyororo wa kinga yangu, baiskeli ya kwenda masomo, mpaka ukang'aa. Ndiyo upumbavu wenyewe. Nimeutanguliza ili usiuhangaikie. Mwanangu, usicheke. Najua kidevu changu hakina hata unywele, na kesho nina interro, jaribio la chimie kule masomoni. Lakini mutu akishaharibu kinywa cha babu yake, anazeeka kwa lazima.

Babu, baba ya mama, alikuwa anauza vitenge hapa Butembo. Meno yake yalimwisha yote kabla ya vita. Akaenda Ulaya, wakamupandia mizizi ya chuma ndani ya mfupa, juu yake wakafunga meno mapya, juu na chini. Aliporudi, muluzi wake ulirudi pia. Ile ya kufika nyumbani: sauti tatu, ya mwisho inapanda. Mama akiisikia anaacha mboga ya sombe kwa moto, anakimbia mulangoni kama mutoto.

Munganga wa meno wa Ulaya alimupa brosi nyembamba za kupita chini ya meno, akamwambia arudi kila mwaka aangaliwe. Kisha vita ikafunga njia. Brosi zikaisha, ikabaki moja. Nayo ndiyo ile niliyoimaliza kwa mafuta ya munyororo.

Babu aliitafuta kila kona. Mimi, badala ya kuungama, nikaleta mchezo mbele ya bageni:

"Babu, chuma inaozaka? Nani anasugua misumari ya nyumba?"

Bageni bakacheka. Babu naye akacheka. "Huyu mutoto atakuwa avocat, wakili kabisa!" Donc basi akaacha kusugua kule chini ya meno.

Miaka mine meno yaling'aa, nikajisifu. Kumbe ufizi ulikuwa unavimba pole pole, unatoka damu, na babu anaficha. Siku tulienda ndoa kule Beni, aliuma nyama ya mbuzi, meno yote ya juu yakayumba kama kiti kibovu. Munganga wa Beni akaangalia. Chuma ni kizima, akasema, ni mfupa ndio umekwisha. Yangesuguliwa, angezeeka nayo. Akatoa ya juu. Ya chini bado yanashika, kama yatatunzwa.

Tuliporudi nikasema yote: brosi, munyororo, mchezo. Babu akauliza:

"Na kinga, angalau, inatembea?"

Ningependa anipige. Jioni akasimama mulangoni, akakunja midomo. Ikatoka hewa tu. Mama alikuwa ameshainuka, mwiko mukononi. Aliniambia hivi, neno kwa neno:

"Kakule, ile muluzi niliisikia tangu nikiwa kwa mugongo ya mama yangu. Haya meno ya chini utamusugulia wewe, asubuhi na jioni, usingoje akuombe. Kitu mutu anakitunza, usikicheke kama hujui kinashika nini. Na Mungu akuachie meno yako mpaka uzee, upige muluzi kwa mulango ya batoto bako. Mimi, hii ya baba yangu, nitaingojaka tu."