Siku Jicho Zuri Lilipofunikwa

Nikinusa plasta hadi leo, narudi kijijini Kibabii kwa nyanya, Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, saa nne asubuhi, nikiwa darasa la kwanza. Mama alikuwa amenileta kutoka Kitale na maagizo ya daktari. Akanikalisha kwenye kigoda, akanibandika plasta kwenye jicho la kulia. Jicho zuri.

La kushoto nilizaliwa nalo hivyo: mboni yake haikuwa duara, ilishuka chini kama tundu la kufuli. Watoto wa Matisi, mtaa wetu wa Kitale, waliniita Kufuli. Nyumbani sote tulijua jicho hilo halioni, ni la kukaa tu usoni.

Kukhu, nyanya yangu, alisimama mikono kiunoni. "Sasa huyo ni daktari wa aina gani? Ati unafunga ng'ombe wa maziwa, unaenda kukama aliyekauka?"

"Anasema hili ni vivu, Mama, si kipofu. Likiachwa peke yake litajifunza," mama yangu akamjibu.

"Jioni kama mtoto haoni kitu, mimi naibandua."

Mwanga ukaniingia kama maji. Nyumba, migomba, kuku, vyote viliyeyuka. Niligongana na ndama, nikamwomba msamaha nikidhani ni binamu yangu. Kukhu alinifuata uani kote akijifanya anafagia.

Jioni akaniweka jikoni tuchambue maharagwe. Nilipapasa kwa vidole, nikaokota kinyesi cha mbuzi, nikakitia kwenye sufuria kwa heshima zote. Kukhu akaangua kicheko, akaniinamia, na katikati ya ule uso wa ukungu nikaona kitu cheusi, kidogo. Pengo la meno ya chini, yale waliyong'olewa wasichana wa zamani wa kwetu.

"Kukhu," nikanong'ona, "naona pengo lako."

Akafunga mdomo. "Na sasa?"

"Limeenda."

Akaufungua polepole. "Na sasa?"

"Limerudi."

Akanishika mashavu, akamtaja Mungu kwa Kibukusu, sauti ya chini kabisa.

Sasa niko kidato cha tatu. Jicho hilo halisomi ubao, na daktari ameniambia wazi halitawahi kusoma. Lakini huniambia pikipiki inapokuja upande wake. Na nimeelewa kwamba Kukhu hakuwa mkali asubuhi ile. Aliogopa tu, aliona tunaizima taa moja niliyokuwa nayo.

Kesho yake, baada ya jioni ile ya maharagwe, niliamka mapema, nikatoa plasta mpya kwenye mkoba wa Mama, nikampelekea Kukhu. Nikafumba macho yote mawili, nikamwinulia uso.