Maua Manne ya Kinga

Zenon Wrzosek alikuwa fundi wa lifti mjini Kielce, na waliomjua zamani walisema ukikwama naye kwenye lifti hutataka itengenezwe upesi, maana mtu huyo alikuwa na maneno. Sasa hakuwa na hata moja. Tangu Bożena, mkewe, azikwe majira ya baridi, alikula akiwekewa sahani, alilala taa ikizimwa, na ukimuuliza habari alijibu "nzuri" kwa sauti ileile ambayo angekwambia nayo nyumba inaungua. Watu wakamsifu kwamba amejikaza kiume. Upuuzi mtupu. Hakujikaza, alikuwa hasikii kitu.

Mama mkwe wake, Leokadia, hakudanganyika. Ndiye aliyepanga likizo ya Krakow: yeye, Zenon, na Kinga, binti wa Zenon mwenye miaka tisa. Stesheni, kabla ya kupanda treni, alimvuta mkwewe pembeni.

"Sikiliza, Zenon. Nakupa siku hizi chache. Ukimaliza likizo ukiwa gogo vivi hivi, mtoto nakwenda naye kwangu Tarnów. Hawezi kulelewa na kabati."

"Sawa, Mama."

Hata hilo halikumuuma. Alijua lilipaswa kumuuma, akayatafuta maumivu jinsi ulimi unavyotafuta jino lililong'olewa, akakuta pengo tu.

Basi wakatembea. Walipanda kilima cha kasri, wakapita kwenye makaburi ya wafalme, na Zenon, mbele ya wafalme wote wale, aliwaza tu kwamba sakafu ina baridi. Chini ya kilima sanamu la joka likatema moto wa gesi. Kinga akapiga ukelele na kumrukia mkononi.

"Baba, umeona? Umeona?"

"Nimeona," alisema Zenon, aliyekuwa akitazama kamba ya kiatu chake.

Wakanunua mikate ya pete, yeye akaushika wake bila kuumega mpaka njiwa wakamzoea. Walipofika uwanja mkuu, tarumbeta ililia juu ya mnara wa kanisa, ikakatika katikati ya wimbo kama inavyokatika kila saa, kisha mpigaji akapunga mkono dirishani. Uwanja mzima ukampungia. Kinga alipunga mikono yote miwili. Leokadia, na uzee wake wote, alipunga mkoba. Zenon alisimama kama anayesubiri basi.

"Baba, hukupunga."

"Nitapunga ikilia tena."

"Hata jana ulisema hivyo hivyo."

Siku ya mwisho ikaangukia sikukuu ya Mtakatifu Kinga, somo wa mtoto, yaani siku ya jina lake, na kwetu afadhali usahau siku aliyozaliwa kuliko hiyo. Zenon aliisahau. Walikuwa wakinywa chai kwa mkate kwenye mkahawa wa pale pale uwanjani, meza za nje, na mtoto akamtazama baba yake juu ya kikombe, akangoja. Leokadia akamkanyaga mkwewe mguu chini ya meza.

"Ni siku ya jina lake," alinong'ona akiwa ameuma meno. "Nenda ukanunue maua, mfu we!"

Zenon akaenda kwa wauza maua, kina mama wa miavuli mikubwa na midomo mikubwa zaidi. Akaonyesha maua meupe.

"Mangapi, bwana?"

"Manne." Mdomo ulijibu wenyewe. Kila Jumapili tangu majira ya baridi ulikuwa ukisema vivyo hivyo kwenye kibanda cha langoni pa makaburi, na haukuona sababu ya kubadili.

Mama wa maua akamtazama, akashusha sauti. "Pole sana, bwana." Akayafunga bila utepe.

Zenon akashukuru, asijiulize amepewa pole ya nini. Akarudi mezani, akamkabidhi mwanawe.

"Heri ya siku ya jina, Kinga."

Leokadia aliyahesabu kwa jicho moja, akasimama, kiti kikaanguka.

"Manne! Yesu na Maria! Mtoto umemletea maua ya kaburini! Mawili, manne, sita ni ya wafu, hata mtoto wa chekechea anajua! Aliye hai hupewa matatu, matano! Unataka kumzika na huyu? Basi, yamekwisha. Kinga, ukafunge sanduku lako. Unakuja Tarnów."

Zenon aliyatazama yale maua.

Kinga hakulia. Aliyalaza mezani, akachagua moja, lile lililochanua kuliko yote, akamwekea baba yake kiganjani na kumkunja vidole kimoja kimoja, kama anavyokunjwa vidole mtoto mchanga.

"Matatu yangu," alisema. "Hilo moja lako, Baba. Bibi, hakuna aliyekufa hapa."

Shina lilikuwa na maji, na lilikuwa baridi. Zenon alilisikia. Kisha kifua kikaanza kumuuma, kikamuuma vibaya, uchungu wa miezi yote kwa mara moja, na juu ya mnara tarumbeta ikalia, ikakatika. Akainua mkono wenye ua akapunga. Alipunga machozi yakimchuruzika hadi kwenye kola, akaendelea kupunga hata dirisha la mnara lilipofungwa.

Leokadia akainua kiti chake, akakaa.

"Shusha mkono, watu wanatutazama," alisema taratibu, akimsogezea sahani ya mkate. "Na ule, mwanangu. Treni yenu ya Kielce haitawasubiri."