Mutugi wa Salfa

Mutugi hakunywa chai ameketi. Alishika kikombe kwa mkono mmoja na ufunguo wa kazini kwa mkono mwingine, akizunguka meza, akichungulia dirishani kuona kama mlima uko wazi, akiuliza saa ngapi hata kama alikuwa ametoka kuuliza.

"Baba Kiende, hiyo chai unainywa au unaitembeza?" mkewe Gladys alimtania.

"Nainywa. Wewe usitoke kabla yangu."

Hilo ndilo neno alilolisema kila asubuhi tangu wote wawili walipoajiriwa katika shamba la maua juu ya mji wa Timau. Familia ilipomzika Mutugi mwezi wa Aprili, wakati mvua ya masika ikimwagika juu ya hema la waombolezaji, wengi walimkumbuka kama mtu asiyetulia. Hawakujua alichokuwa akikikimbilia. Alikuwa akikimbilia kifua cha mkewe.

Gladys alikuwa na pumu tangu utoto. Kazi yake ilikuwa kuvuna waridi katika nyumba namba nne, moja ya zile nyumba kubwa za nailoni zilizopangwa mteremkoni. Waridi hushikwa na ukungu mweupe unaofanana na unga, na dawa yake ni salfa. Jioni, vijungu vya umeme vilivyoning'inia juu ya maua hujazwa salfa ya njano, ikayeyuka polepole na kutoa mvuke unaoua ukungu. Alfajiri mtu wa salfa huzima umeme, hufungua mapazia ya pembeni, na upepo wa mlimani hufagia kila kitu nje. Hapo ndipo wavunaji huingia.

Mtu wa salfa aliyetangulia alipenda usingizi. Alifungua mapazia akiwa amechelewa, na Gladys alirudi nyumbani akipumua kwa mluzi. Mtu huyo alipoacha kazi, Mutugi alikwenda mwenyewe kuiomba. Wenzake walimcheka, kwa sababu hakuna aliyeitaka kazi ile inayonukisha nguo. Yeye hakujali. Kila alfajiri, akivuta kamba za mapazia, aliomba: "Bwana, fungua kifua chake kama ninavyofungua hapa." Kisha alisimama mlangoni akinusa kama mbwa wa kuwinda, hadi aseme, "Haya, ingieni."

Basi, Timau kuna baridi, na walinzi wa usiku ni watu kama wengine. Walikuwa na desturi yao. Kijungu cha mwisho, kilichokaa juu ya matofali karibu na mlango wa nyuma, hakikuwekwa salfa, na mlinzi aliweka juu yake sufuria yake ya githeri, mahindi na maharagwe, akazungusha swichi ya moto hadi mwisho, akaenda doria. Akirudi chakula kiko moto. Meneja hakujua. Mutugi alijua, na akakiacha kijungu kile kitupu kwa huruma, maana mlinzi wa namba nne alikuwa Kiogora, kaka yake Gladys.

Kabla ya sikukuu ya wapendanao mwezi wa Februari, maua yanapotakiwa Ulaya kwa haraka kuliko wakati wowote, ukungu ulizuka karibu na mlango ule wa nyuma. Msimamizi, Murungi, aliamuru vijungu vyote vijazwe. Mutugi alijaza vyote, hata kile cha mwisho. Kisha akaitwa stoo kupakua makopo, halafu akakimbilia mazoezi ya kwaya, na kati ya mambo hayo yote hakumwambia shemeji yake.

Asubuhi iliyofuata Murungi alimkamata getini.

"Mutugi, shika upande huu wa pampu. Dakika moja tu."

"Nina mapazia, bosi."

"Mapazia hayana miguu. Shika."

Gladys alikuwa nyuma yake kidogo na ndoo zake mkononi. Mistari ya nyuma ndiyo yenye maua marefu, na anayeweka ndoo kwanza ndiye mwenye mstari. Aliona mwanga wa buluu ukitikisika ndani ya nailoni, upande wa nyuma. Akafikiri mumewe ameshaachana na pampu na kumpita gizani, na kwamba hiyo ni tochi yake. Akaingia kwa mlango wa nyuma.

Mutugi alipofika mlango wa mbele, wavunaji walikuwa wamejazana pale wakipiga miguu chini kwa baridi. Hakuhitaji kuingia. Harufu ilimpiga puani kana kwamba mtu amewasha boksi zima la viberiti.

"Hakuna kuingia! Rudini nyuma!"

Murungi alikuwa amemfuata. "Ingieni, lori haingoji mtu!"

"Tangulia wewe, bosi," akasema Nkirote, mvunaji mwenye mdomo mwepesi. "Wewe una kifua kipana."

Watu wakacheka. Murungi, kwa hasira, akapiga hatua kadhaa ndani. Alitoka amejishika koo, machozi yakimtiririka, na hakuna aliyecheka tena.

Mutugi alikuwa akitazama nyuso. Alizipitia mara moja, akazipitia tena.

"Mama Kiende yuko wapi?"

"Si ameingia kwa nyuma?" Nkirote akasema. "Alituambia ameona tochi yako."

Tochi ilikuwa mfukoni mwake, imezimwa. Mutugi alimvua Nkirote kitambaa cha kichwa, akakichovya kwenye ndoo ya maji, akajifunga mdomo na pua, akaingia.

Kila alfajiri nailoni ya juu hutokwa jasho na kudondoka, na wavunaji huiita mvua ya ndani. Siku zote ilikuwa maji tu. Asubuhi ile kila tone lilichoma. Lilimwingia machoni, likamwasha shingoni. Kila waridi jekundu alilolipita lilikuwa na madoa meupe pale matone yalipoangukia, kana kwamba rangi imelambwa. Huko mwisho kijungu kilikuwa kikiwaka moto wa buluu chini ya sufuria. Alimkuta Gladys amepiga magoti katikati ya mstari, uso ndani ya ndoo tupu, akitafuta hewa.

"Tochi..." alisema.

"Nyamaza. Nishike shingo."

Alimbeba hadi nje, akamlaza kwenye nyasi. Kisha akarudi ndani kuzima umeme na kuvuta kamba, upande mmoja, halafu wa pili. Kitambaa kilikuwa kimemwanguka njiani, na hakuinama kukiokota.

Kiogora alifika akikimbia. Alimwona dada yake chini, akaona moshi ukitoka nyuma, akaelewa. "Ni mimi," alisema kabla hajaulizwa. "Niliweka githeri. Sikutazama ndani ya kijungu, ilikuwa giza. Mungu wangu, ni mimi."

"Ni sisi wawili," Mutugi akamjibu huku akikohoa. "Shika miguu yake."

Carol, mtaalamu wa mimea wa shamba, aliwapeleka zahanati kwa pikapu yake. Gladys alilala kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mumewe.

"Salfa ikiyeyuka tu, inafanya kazi yake," Carol alieleza huku akiendesha. "Ikishika moto inageuka gesi nyingine. Gesi hiyo ikikutana na maji inakuwa asidi. Huko kwenye viwanda vinavyochoma makaa ya mawe, gesi hiyo hupanda mawinguni na kurudi na mvua, ikaua samaki na misitu. Ninyi mmeipata chini ya paa moja."

"Na dawa yake?" Mutugi akauliza.

"Ni kutoiwasha. Swichi zile za moto nitazing'oa leo, na vijungu viwekwe vifuniko. Nailoni ioshwe, udongo umwagiwe chokaa, maana chokaa inavunja asidi."

"Na nyumba namba tano?"

"Namba tano imefanya nini?"

"Vijungu ni vilevile. Walinzi ni walewale. Nayo jana tulijaza vyote."

Carol alipiga simu ili wavunaji wa namba tano wazuiwe. Murungi alijibu, "Sawa sawa," na kukata. Mutugi aliijua sawa sawa ile. Ilikuwa sawa sawa ya mtu mwenye lori getini.

Kwenye zahanati, nesi alimfunga Gladys barakoa ya mvuke wa dawa. Kidogo kidogo rangi ikarudi midomoni mwake, na mluzi ukapungua. Mutugi alisimama kando ya kitanda, akahamia dirishani, akarudi kitandani. Alisema sala fupi kwa Kimeru, akikatizwa na kikohozi.

"Kaka, na wewe uliivuta gesi hiyo," nesi alisema. "Keti nisikilize kifua."

"Mimi ni mzima, sista."

"Unakohoa."

"Ni baridi. Nikirudi utanisikiliza."

Gladys alitikisa kichwa kwa nguvu. Hakuweza kusema ndani ya barakoa, akashika pindo la koti la mumewe. Ndani ya namba tano walivuna wanawake ishirini na zaidi, na hakuna mume wa yeyote kati yao aliyekuwa na ufunguo. Mutugi alivifungua vidole vya mkewe kimoja kimoja, taratibu.

"Nafungua tu, narudi."

Alifungua. Kijungu cha mwisho cha namba tano hakikuwa kimewaka, lakini aliwazuia wavunaji nje hadi alipoona kwa macho yake, na Murungi, macho bado mekundu, hakumbishia. Halafu palikuwa na nailoni ya kuosha. Halafu chokaa ya kubeba.

Alifika zahanati jua likiwa limeshatua. Nesi yule alikuwa amemaliza zamu yake. Gladys alikuwa ameketi kitandani bila barakoa, akipumua vizuri.

"Umepimwa?" alimuuliza.

"Kesho, Mama Kiende," alisema Mutugi, akageuka kukohoa ukutani.