Siku Nilipoachia Breki ya Ndege

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mguu wangu wa kulia unakufa ganzi mpaka leo. Kaa nikuambie, na usinikatize.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami mke mgeni pale Manyoni, hata mwaka sijamaliza kwa mume. Mume wangu Mkumbo alikuwa fundi wa mzungu mmoja mpima ardhi, tuliyemwita Bwana Miwani. Mzungu huyo alikuwa amejiundia ndege kwa mikono yake, ya mbao na kitambaa kilichopakwa dawa kikakaza kama ngoma. Viti viwili tu. Alasiri ile angeikimbiza uwanjani kuijaribu, na kiti cha nyuma kilikuwa cha mume wangu.

Kilichobaki ni kutoa upepo kwenye breki. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anakaa kitini anakanyaga na kushikilia. Mwingine amelala chini kwenye gurudumu na spana yake, anafungua nati, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga. Ndipo wa juu anaachia. Ukiachia nati ikiwa wazi, upepo unarudi ndani, na breki yenye upepo haishiki. Msaidizi wake alikuwa na homa, ndiyo maana nikapandishwa mimi.

"Sikia maneno matatu tu," mume wangu akasema. "Kanyaga, shika, achia. Ukiniua, uji wangu atakunywa nani?"

"Nitakunywa mwenyewe," nikamjibu. Tukacheka.

Gurudumu la kushoto tulilimaliza vizuri. Tukaenda la kulia. "Kanyaga! Shika!" Nikashika, nati ikafunguliwa. Hapohapo nikamwona baba mkwe anakuja na fimbo yake.

Ninyi wa leo mnakaa kochi moja na baba mkwe. Sisi hapana. Mkamwana hakai juu baba mkwe akiwa chini. Hamtazami usoni, hapazi sauti mbele yake. Na mimi nilikuwa nimekaa kule juu, magoti nje! Aibu ikanishika kuliko akili. Nikaruka chini upande wa pili, nikapiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mkamwana. Ndiye panzi mwenyewe huyu? Mbona miguu yake ya mpira?" Akaizunguka ndege kuangalia mkia.

Chini ya bawa mume wangu akaita, "Wee! Bado umeshika?"

Nikapanda upesi, nikakanyaga. Mguu ukazama kama kwenye tope. "Nimeshika," nikasema. Akafunga nati.

"Breki ngumu?"

Mwanangu, hapo ndipo ningesema. Neno moja, tungeanza upya, basi. Lakini baba mkwe alikuwa pale anasikia, nami ningeonekana mke asiyeweza hata kukanyaga. Nikasema, "Ngumu."

Mume wangu akajifuta mikono, akamwendea mzungu. "Tayari, Bwana. Zote mbili ngumu." Bwana Miwani hakujaribu. Alimwamini fundi wake, na fundi ameniamini mimi. Uongo wangu sasa ulikuwa umetoka kinywani mwa mume wangu, naye hajui.

Wakaisukuma mpaka uwanjani, kipande kilichofyekwa vichaka, mwisho wake korongo. Watu walikuwa wamejipanga pembeni mpaka karibu na lile korongo, baba mkwe akiwa mbele yao. Najiambia, nitasema kabla mume wangu hajapanda. Akapanda. Nitasema kabla injini haijawaka. Ikawaka, mbwa wakakimbia. Akanipungia mkono, anacheka. Nilipofungua mdomo kumwita, sauti yangu hata mimi sikuisikia.

Ndege ikakimbia, kisha ikataka kusimama. Bwana akakanyaga breki. Ya kushoto ikashika, ya kulia ikakataa. Ikazunguka kama ng'ombe aliyekamatwa pembe moja, ikawaendea watu. Wakatawanyika. Baba mkwe hakuwahi. Ncha ya bawa ikampiga, ndege ikalala ubavu, vumbi likafunika kila kitu.

Ndani ya vumbi lile kilitoka kilio kimoja. Nikajua nimeua, ila sijui nimeua yupi.

Mume wangu akatoka anatambaa, damu usoni. Bwana Miwani akatoka nyuma yake, mzima, anafoka. "Ulisema ngumu!"

"Ilikuwa ngumu, Bwana! Naapa!"

Aliapa kwa ajili yangu. Hapo nikapiga kelele, mara ya kwanza mbele ya baba mkwe. "Haikuwa ngumu! Niliachia. Nikadanganya."

Nilingoja kupigwa. Baba mkwe alikuwa amekaa chini, ameushika mkono wake uliovunjika.

"Uliachia kwa nini?"

"Nilikuona wewe, baba. Nikashuka."

Akasema, "Kushuka sikulaumu, ndivyo ulivyolelewa. Lakini ulipanda tena, ukajua imeharibika, ukasema nzima. Huko ndiko kuniheshimu? Mwanangu alikuwa mle ndani! Siku nyingine nikikukuta umeshika uhai wa mtu, kaa hukohuko juu. Nisalimie kwa mdomo, inatosha."

Mkono ule haukunyooka tena. Miaka yote aliyoishi nilimkatakatia nyama yake vipande vidogo, naye hakulitaja jambo lile hata siku moja. Angelitaja ningepumua.

Basi, mwanangu, nisikilize. Kazi ikikuharibikia mkononi, sema hapohapo, kabla mwenzako hajaondoka na neno lako. Sema mbele ya mkwe, mbele ya mkubwa wako, mbele ya hao wanaokucheka. Waheshimu wakubwa, sikukatazi, lakini usimdanganye mtu kwa sababu yupo mkubwa anayekutazama. Ukinyamaza kwa kuogopa kuonekana mjinga, anayeumia atakuwa mwingine, na wewe utabaki unamwangalia.

Mungu aufungue mdomo wako siku utakapokosea, na wote wanaokuamini wafike nyumbani wazima.