Pini ya Gurudumu la Mbele

Juzi, nikisubiri kivuko cha Kamanga, nilimwona fundi akifunga gurudumu la mbele la pikipiki. Alipomaliza kukaza nati, alipitisha pini ndogo yenye miguu miwili, akaipinda. "Bila hii," alimwambia mwenye pikipiki, "nati inafunguka yenyewe."

Ghafla nikasikia harufu ya petroli na dagaa, harufu ya uani kwetu Ilemela. Siku ile, nikiwa bado mtoto, kaka yangu Masanja alikuwa akifunga gurudumu jipya kwenye pikipiki aliyoiunda mwenyewe kwa vyuma vya pikipiki tatu. Alipekua gunia la vipuri mpaka chini.

"Mdogo wangu, umeona pini hapa?"

"Hapana, kaka."

Nilikuwa nimembania nayo mwanasesere wangu wa gunzi kipande cha kanga. Niliona kaka atamvua mtoto wangu nguo kwa ajili ya kichuma tu.

Akaifunga nati kwa uzi wa nyavu, akicheka. "Huu unashika sangara, utashindwa na nati?"

Jioni hiyohiyo gurudumu lilichomoka kwenye mteremko wa mawe. Walimrudisha amefunikwa shuka.

Msibani watu wazima walisema ni mapenzi ya Mungu. Nilimkumbatia mtoto wangu wa gunzi, nikaamini. Nimeamini hivyo mpaka juzi, pale kivukoni.