Kile Sista Aliniita

Juzi binti yangu Neema alikuwa anajifunza Kijerumani kwenye simu, na simu ikasema "brav". Nikaacha kusonga bugali.

Neno hilo nililisikia alasiri moja nikiwa mutoto, kwenye dispensari ya masista kule Bagira. Sista Gerta, Mjerumani, alikuwa ananishona kichwa. Chumba kilinuka spiriti na pombe ya tonton Zakaria, mjomba niliyeishi kwake, aliyesimama mlangoni.

"Ameanguka, ma sœur. Huyu mutoto anapenda kurukaruka."

Yeye ndiye alinipiga na chupa. Sista alimtazama, akaniuliza, "Ulianguka?" Nikanyamaza. Akanipangusa machozi: "Brav. Brav sana."

Mimi nilisikia Kifaransa chetu: brave, shujaa. Nikarudi kwa tonton kifua mbele. Kila aliponipiga tena nilijikaza, nibaki shujaa.

"Neema, hiyo brav ni nini?"

"Ni mutoto mwenye anatii, maman, hapigi kelele. Hata imbwa wanaiambia hivyo."

Zakaria alinipasua kichwa. Gerta aliona, akanisifu kwa kunyamaza. Nawataja wote wawili.

"Na shujaa, Wajerumani wanamuitaje?"

"Bado sijafika huko, maman."