Nyangumi Niliowatia Alama

Nilipomwambia mama kwamba naenda Afrika Kusini kujitolea, aliniuliza swali moja tu: "Ukimaliza kujitolea, watakuajiri?"

Halikuwa swali la kijinga. Kwetu Simiyu, anayejitolea ni yule mwenye cheti anayefundisha shule ya kata bila mshahara, akisubiri majina ya ajira yatoke. Mimi ajira nilikuwa nayo. Nilikuwa afisa mifugo, mwaka wa tisa kazini, napanga chumba na sebule Bariadi mjini, na kila nikipata nafasi nakwenda kijijini Kimali kuwaona wazazi na ng'ombe wao.

"Hapana, mayu," nikamjibu. "Nakwenda kusaidia wanyama wa baharini. Nyangumi na pomboo."

Tulikuwa tunaongea Kisukuma, lakini majina hayo mawili niliyasema kwa Kiswahili maana sikujua ningeyasemaje vinginevyo. Mama akataka kujua kama wanaliwa. Nikasema wapo watu wanaowala, ila sisi tutakuwa tunawalinda. Akaendelea kugeuza juani michembe yake, vile viazi vitamu vya kukausha. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, ananoa panga. Akasema bila kuinua macho, "Mwache aende. Bahari hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuiona."

Mwalimu wangu mmoja wa chuo cha mifugo alikuwa amehamia kule kusoma, ndiye aliyenitumia fomu. Kikundi kidogo cha pwani kilitafuta watu waliozoea wanyama wakubwa, wasioogopa kuwashika wala kuwapasua wakifa. Malazi bure, chakula unajitegemea. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka kuandika ripoti za dawa ambazo hazipo na kusimama kwenye maboma ya watu nikiwaambia mambo wanayoyajua. Nikaomba likizo bila malipo ya miezi mitatu, nikaipata, nikaondoka mwanzoni mwa Julai.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekatika mapema. Mtaalamu wa mifugo hahitaji kuambiwa maana ya jambo hilo. Nilijua, na bado nikaenda.

Kazi yenyewe haikufanana na picha zilizokuwa kwenye fomu. Hatukuwa tunaogelea na pomboo. Kila asubuhi tulitembea ufukweni tukitafuta waliokufa. Tukimpata mmoja tunampima kwa utepe, tunaandika, tunampasua pale pale kuchukua vipande vya maini na mafuta. Baridi ya kule inaingia mpaka kwenye meno. Nilivaa makoti mawili na gambuti, na harufu ya mafuta ya pomboo haikunitoka mikononi hata nikioga mara tatu. Wengi wao walikuwa na mistari midogo kwenye mdomo na kwenye mapezi, kama mtu aliyefungwa uzi ukakazwa.

"Nyavu," aliniambia mzee mmoja aliyekuwa mwenzangu wa kutembea. Alikuwa amefanya kazi kwenye meli za uvuvi tangu ujana wake, akastaafu, na sasa alijitolea kama mimi. "Anaingia akifuata samaki, anashindwa kupanda juu kuvuta pumzi. Anakufa maji kama mtu."

"Ninyi mlipokuwa mnavua, mkiwapata mlifanyaje?"

"Tuliwatupa. Hatukuwahi hata kuwahesabu."



Mwezi wa Agosti kaka yangu alianza kupiga simu. Yeye ndiye aliyekuwa akiishi pale nyumbani na kusimamia ng'ombe pamoja na baba. Mwanzo alisema lambo la kunyweshea limebaki tope. Baada ya wiki akasema limebaki nyufa, na wanaswaga ng'ombe safari ya siku nzima kwenda kunywa. Kisha akasema wameanza kulala.

Mfugaji akikuambia ng'ombe wameanza kulala, hasemi usingizi. Anasema ng'ombe amekonda mpaka akishuka chini hawezi kusimama mwenyewe. Ukimwacha, uzito wake unamuua. Nyama ya upande wa chini inakosa damu, inakufa, na pafu la upande huo linabanwa. Ng'ombe huyo anaweza kuwa bado anakula na kukutazama vizuri, kumbe ndani anaoza.

Nikamwelekeza kaka kwenye simu kama nilivyokuwa nikiwaelekeza watu wengine. "Msimwache upande mmoja. Mgeuzeni kila baada ya saa chache, mchana wote. Pitisheni magunia chini ya tumbo, mumnyanyue watu wanne. Mashudu wapeni wale wanaoonyesha dalili ya kusimama, wengine waacheni."

"Waacheni vipi?"

"Waacheni tu, kaka."

Akasema baba hatakubali hilo. Nikamwambia ajitahidi kumwelewesha.

Siku ya nyangumi ilikuwa mwezi wa Septemba. Tuliamshwa alfajiri na kiongozi wetu, mama wa makamo aliyekuwa muuguzi kabla ya kuja kwenye kazi hii. Alisema kundi zima limepanda nchi kavu. Tulipofika jua lilikuwa linachomoza. Waliotapakaa mchangani walikuwa nyangumi wa aina ndogo, weusi, wenye vichwa vya mviringo, ila huo udogo ni wa nyangumi. Kila mmoja alimzidi fahali mkubwa mara kadhaa. Walikuwa zaidi ya arobaini. Nilichokuwa sijajiandaa nacho ni sauti zao. Walikuwa wanaitana. Sauti nyembamba kama filimbi, za viumbe wakubwa kiasi kile, na katikati yake pumzi zinazotoka utosini kwa mkoromo.

Tulifanya tulichofundishwa. Tuliwafunika mashuka, tukawamwagia maji kwa ndoo, tukaacha tundu la pumzi wazi. Waliolala ubavu tuliwachimbia mchanga na kuwageuza wakae kwa matumbo yao. Watu wa mji ule walikuja kwa wingi na ndoo zao, wengine na nguo za kazini. Mimi nilipewa jike mmoja aliyekuwa na mtoto pembeni yake. Nilichimba chini ya pezi lake kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Kila nilipoweka kiganja ubavuni mwake nilihisi joto limezidi. Nilikuwa nalijua joto lile kwa ng'ombe walioanza kulala.

Maji ya bahari yalirudi mchana. Tukaingia mpaka vifuani, watu kumi kwa nyangumi mmoja, tukawasukuma. Yule mtoto alikuwa wa kwanza kuondoka. Watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Kumi na mbili walielea, wakageuka, wakaonekana wanakwenda. Baada ya muda mfupi mzee wangu wa meli akanishika mkono akanionyesha. Walikuwa wanarudi. Waliokuwa bado mchangani walikuwa wanaendelea kuita, na wale waliookoka walikuwa wanaitika kwa kurudi. Mtoto alirudi mbio akapanda mchangani karibu na mama yake.

Daktari wa wanyama aliyekuwa na kibali cha serikali aliongea na kiongozi wetu pembeni. Kisha kiongozi akaja kwangu na kopo la rangi ya kupuliza, rangi ya chungwa.

"Wewe umefanya kazi na ng'ombe," akasema. "Daktari ni mmoja, na jua linaenda. Pita na upande huu, yeye atapita na ule. Wale usioona tumaini, watie alama. Watapigwa risasi, itakuwa haraka. Wengine tutajaribu tena maji yakijaa."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu hao wengine wote hawataweza."

Nikalichukua lile kopo.

Nilianza na waliokuwa wanatoka damu mdomoni, maana hao walikuwa rahisi. Halafu waliolala ubavu tangu asubuhi. Nilipapasa, nikahesabu pumzi, nikagusa karibu na jicho kuona kama litafumba. Nilitia alama ya msalaba nyuma ya kichwa na kwenda kwa anayefuata. Nilitia alama kumi na tisa. Kwa wa kumi na saba alikuwepo mwanamke mmoja wa pale mjini, amelowa, amemkumbatia kichwani kwa shuka la maua.

"Huyu anapumua!" akanipigia kelele. "Huoni anapumua?"

"Naona, dada."

"Basi mbona unampaka?"

Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza habari za nyama inayokufa ndani ya mnyama aliye hai. Nikampaka. Yule mwanamke akanitemea mate, yakaangukia kwenye koti langu. Wala sikumlaumu.

Yule jike wangu alikuwa wa kumi na nane, na mtoto wake wa kumi na tisa. Mama nilikuwa na uhakika naye. Mtoto sikuwa na uhakika naye. Alikuwa na nguvu, macho yake yalikuwa mepesi. Nilijiambia kwamba bila mama hatanyonya, atakufa njaa polepole huko ndani. Nilijiambia hivyo na ninaamini ni kweli, lakini pia nilikuwa nimechoka, nilitaka kumaliza. Sababu ipi ilibonyeza kopo, mpaka leo sijui.

Watu waliondolewa, risasi zikapigwa, moja moja, bila haraka. Kati ya waliobaki bila alama, watano walikwenda baharini hawakurudi. Watano tu.

Kesho yake mtambo wa kijiko ulikuja kuwapakia kwenye malori. Tuliwapasua kadhaa kutafuta sababu. Hatukuona ugonjwa, hatukuona alama za nyavu wala jeraha. Kwenye kijitabu changu niliandika "sababu haijulikani," nikapiga mstari.

Siku ya kusukuma nyangumi simu yangu ilikuwa imebaki kambini. Nilipoifungua nilikuta kaka amepiga mara saba. Nikampigia, akapokea mama.

"Baba yako ameangukiwa na ng'ombe," akasema.

Yule ng'ombe wa maziwa aliyekuwa kipenzi cha baba alikuwa amelala siku tatu. Nilishasema wasiosimama waachwe, na baba alikuwa amekataa kumwacha. Nilishasema mnyama ageuzwe kila baada ya saa chache, na hilo alilishika sawasawa. Kaka alikuwa ameenda Mwamapalala kutafuta mabua ya kununua. Baba hakutaka saa ipite. Akapitisha gunia na mti peke yake, akamnyanyua nusu, mti ukateleza. Ng'ombe akamlalia kiunoni. Alikaa chini yake asubuhi yote mpaka mama aliporudi kutoka kuchota maji.

Nilikatiza kujitolea, nikarudi. Nilipofika Bariadi baba alikuwa wodini, nyonga imevunjika, mguu umevutwa kwa kamba na uzito. Alionekana mdogo pale kitandani.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Umerudi." Kwetu binti naye huitwa mayu, kama mama. "Umekonda. Huko hawali?"

Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine. Mimi ndiye niliyesema, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, kwamba nilimwelekeza kaka vibaya, kwamba nilipaswa kusisitiza asigeuzwe na mtu mmoja.

"Ulielekeza vizuri," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa mmoja." Kisha akauliza, "Na hao wanyama wako wa majini, walipona?"

Nikamweleza yote, mpaka kopo la rangi, mpaka yule mtoto. Sikuwa nimemweleza mtu. Alinisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala.

"Yule mdogo," akasema mwishowe, "ungemwacha."

"Angekufa njaa, baba."

"Angekufa. Lakini ungemwacha."

Hatukuliongelea tena. Nimejaribu mara nyingi kumjibu kichwani mwangu, kwa lugha zote ninazozijua, na kila jibu ni la kitaalamu na ni sahihi, na halinisaidii.

Nyonga yake haikuunga sawa. Aliruhusiwa akiwa na mkongojo wa miguu minne, hawezi kwenda mbali zaidi ya choo. Ng'ombe waliokuwa zaidi ya hamsini nilipoondoka walibaki sita, na hao sita kaka aliwauza kabla hawajafa, kwa bei aliyoitaja mnunuzi. Boma la miiba likabaki limezunguka mavi makavu. Mama akaanza kung'oa miiba hiyo kidogo kidogo ya kupikia.

Kiongozi wa kule aliniandikia mara mbili. Alisema wameniwekea nafasi nikitaka kurudi, na kwamba yule mzee wa meli amelazwa hospitali siku hizi kwa ugonjwa wa mapafu. Barua ya kwanza niliijibu. Ya pili sikuijibu.

Mvua zilikuja mwishoni mwa Novemba, nyingi, za kishindo, kama zilikuwa zinalipiza. Baada ya wiki tatu baba akasema anataka kuona ngitili yake, eneo la malisho alilokuwa akilifungia kila mwaka kwa ajili ya kiangazi. Mimi na kaka tulimkalisha kwenye pikipiki, kaka akaisukuma bila kuiwasha, mimi nikamshika mgongo.

Majani yalikuwa yamefika magotini. Mabichi, mazito, yana umande. Baba alitaka kushushwa. Tukamshusha, akasimama na mkongojo wake umezama kwenye udongo, akakata jani moja akalitafuna.

"Mwambie jirani alete ng'ombe wake," akamwambia kaka. "Yasije yakazeeka bure."

"Jirani naye hana, baba."

"Na wa ng'ambo ya mto?"

"Hana."

Baba akatema lile jani. Tulisimama pale mpaka miguu yake ikaanza kutetemeka, halafu tukampandisha kwenye pikipiki tukarudi nyumbani.